Kikombe, Dripu na Maji ya Mwili



Maneno yetu ya leo yanahusu maji yaliyomo mwilini mwa mwanadamu, chumvi zilizoyeyuka katika maji hayo, na hatari inayomfikia mtu yanapompungukia kwa ghafla, hatari ambayo wauguzi huiita mshtuko. Tafadhalini msidhani kuwa haya ni mambo ya wasomi peke yao. Mama anayekesha na mtoto anayeharisha, bwana aliyemshika mkono mkewe anayetokwa na damu baada ya kujifungua, kijana aliyemkuta mwenzake ameanguka shambani wakati wa jua kali, wote hao wamekutana na jambo hili uso kwa uso, wakalijua au wasilijue.

Nianze kwa swali. Mtu aliyelala jana akiwa mzima, akashikwa na kipindupindu alfajiri, na kabla ya magharibi akawa amekwisha fariki, je, ameuawa na nini? Wengi watajibu kuwa ameuawa na kijidudu. Jawabu hilo si la uongo, lakini halijatimia. Kijidudu cha kipindupindu hakiingii katika damu wala hakiutafuni utumbo. Hukaa juu ya utando wa ndani, kikatoa sumu inayozifanya chembe za utumbo zimwage maji na chumvi bila kukoma, hata choo cha mgonjwa kikafanana na maji yaliyooshewa mchele. Katika saa za mwanzo, mtu mzima aliyeshikwa vibaya aweza kupoteza kiasi cha lita nzima kwa saa moja. Na maradhi yenyewe, ajabu yake ni kwamba yakiachwa yaende zake hukoma baada ya siku chache. Basi anayekufa hufa kwa sababu amekaukiwa kabla maradhi hayajamaliza muda wake, na akirejeshewa maji na chumvi zake mapema, aghalabu huinuka. Neno hili nitalirudia, maana ndilo shina la mazungumzo yetu: mgonjwa arejeshewe kilichotoka, kwa kadiri kilivyotoka, na kwa njia ambayo mwili wake bado unaweza kukipokea.

Watu wa pwani yetu wameujua ugonjwa huu tangu karne ya 19. Mwaka 1869 na 1870 uliingia Unguja ukaua maelfu, na tabibu mmoja wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwako mjini siku zile, akatoa kitabu mwaka 1876 kueleza jinsi ulivyosafiri kwa njia za misafara na za vyombo vya baharini. Jambo la kusikitisha ni kwamba ilmu ambayo ingewaokoa wengi katika watu wale ilikuwa imekwisha patikana yapata miaka 40 kabla, kisha ikaachwa. Tafadhali nisikilizeni nilisimulie, maana ndani ya kisa hiki mna somo zima la uuguzi.

Mwishoni mwa mwaka 1831 kipindupindu kilikuwa kimefika Uingereza. Kijana mmoja wa Kiairishi, William O'Shaughnessy, aliyekuwa na umri wa miaka 22 tu, akaenda mji wa Sunderland, akachukua damu ya wagonjwa akaipima. Aliona nini? Aliona kwamba damu ile imepungukiwa na maji, imepungukiwa na chumvi, tena imepungukiwa na alkali. Na vyote vitatu vilivyokosekana katika damu alivikuta katika choo. Maji, chumvi, alkali: wasikilizaji wangu, yashikeni hayo matatu. Mwaka uliofuata, 1832, tabibu Thomas Latta wa mji wa Leith, Uskoti, aliyesoma habari hiyo, alimwendea bibi mmoja mzee aliyekwisha katiwa tamaa, akamtia katika mshipa maji yenye chumvi na soda, kidogo kidogo, huku akimtazama. Macho yaliyokuwa yamezama yakaanza kurudi, mapigo ya mkono yaliyokuwa yamepotea yakapatikana, ubaridi ukaondoka, naye bibi akasema kwamba sasa ajisikia vizuri. Latta akadhani kazi imekwisha, akamwacha mikononi mwa wengine akaenda zake. Haukupita muda mrefu kuharisha kukarudi, na wala hakuna aliyemwongeza maji mengine, na baada ya saa tano na nusu bibi yule akafariki.

Dawa ilikuwa sahihi, tena ilikwisha onyesha nguvu yake. Alichokosa bibi yule ni mtu wa kukaa kando ya kitanda, kuangalia yanayotoka, na kurudisha kila yanapotoka. Kwa maneno mengine, alikosa muuguzi. Latta mwenyewe alifariki mwaka 1833. Na kwa kuwa wengi waliomwiga walitumia maji yasiyochemshwa, tena kwa watu waliokwisha fika sakaratini, tena mara moja tu na basi, matokeo yao yalikuwa mabaya, na matabibu wakarudi katika desturi zao za kumtoa damu mtu ambaye tayari alikuwa hana maji ya kutosha katika damu yake.

Sasa tuutazame mwili wenyewe. Katika kilo 100 za uzito wa mwanamume mzima, kilo kama 60 ni maji; na kwa mtoto mchanga maji hufikia kilo kama 75 katika kila 100, nayo hubadilika upesi kuliko ya mkubwa, ndiyo maana mtoto hukaukiwa kabla ya babaye hata kama wamekula chakula kimoja kibovu. Maji hayo hayakai mahali pamoja. Theluthi mbili zimo ndani ya chembe hai za mwili; theluthi moja iko nje ya chembe hizo, na katika hiyo theluthi sehemu iliyo ndogo ndiyo inayozunguka katika mishipa ikiwa ni maji ya damu. Na kila upande una chumvi zake, ambazo matabibu huziita elektroliti. Nje ya chembe hutawala sodiamu, ambayo ndiyo iliyomo katika chumvi yetu ya jikoni, na maji hufuata iliko. Ndani ya chembe hutawala potasiamu. Tofauti hiyo ya ndani na nje, ambayo mwili huilinda usiku na mchana, ndiyo inayouwezesha moyo kupiga, misuli kukaza na kulegea, na mishipa ya fahamu kupeleka habari.

Je, ikiharibika? Potasiamu ikipungua sana, mgonjwa hulegea viungo, utumbo huacha kujongea tumbo likajaa, na moyo hupiga bila taratibu. Ikizidi sana, moyo waweza kusimama. Kwa hiyo ninyi vijana wa uuguzi, hili liandikeni kwa wino mwekundu: potasiamu haisukumwi kwa sindano moja kwa moja katika mshipa, kamwe, huchanganywa katika maji mengi, ikaenda polepole, na kwanza tumehakikisha kwamba mgonjwa anakojoa, maana figo zisipofanya kazi haina pa kutokea. Na sodiamu nayo? Mtu aliyeharisha sana akapewa maji matupu, lita juu ya lita, sodiamu yake hushuka, maji yakaingia katika chembe za ubongo zikavimba, na mgonjwa akaanza kuweweseka au kupatwa na degedege. Amepewa maji, naam, lakini hakurejeshewa kilichotoka. Mnaona kwamba tumerudi palepale.

Lililobaki katika yale matatu ni alkali. Damu ya mtu ina kiasi chake cha asidi na alkali, na mipaka yake ni myembamba mno: kwa kipimo cha pH ni kati ya 7.35 na 7.45, na ikitoka nje ya hapo kwa mbali uhai wenyewe u mashakani. Kila siku mwili hutengeneza asidi kwa kule kuishi tu, nayo mapafu huitoa upesi kwa njia ya pumzi, na figo huitoa taratibu kwa njia ya mkojo, huku zikihifadhi alkali iitwayo bikaboneti. Sasa angalieni: anayetapika tu, bila kuharisha, hupoteza asidi ya tumbo, na damu yake huelemea upande wa alkali. Anayeharisha hupoteza bikaboneti, na damu yake huelemea upande wa asidi. Mwili hauketi ukaliacha jambo hilo. Huamrisha mapafu yahangaike kuipunguza asidi, na mgonjwa akaanza kuhema kwa kina na kwa haraka, ilhali kifua chake hakina kikohozi wala mlio. Mara ngapi jamaa wamemleta mgonjwa wa namna hii wakisema ana pumu, au kifua kimembana? Muuguzi mwangalifu asikiapo pumzi ya jinsi hiyo, humwuliza kwanza habari za choo, na akikosa jibu huko, huuliza habari za kisukari, maana mwenye kisukari kilichopanda mno naye huhema vivyo hivyo, na pumzi yake yaweza kunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Tumefika kwenye mshtuko wenyewe. Mshtuko ninaousema hapa ni ile hali ambayo damu inayozunguka haitoshi kuvifikishia viungo hewa na chakula vinavyohitaji. Haumhusu mtu aliyeogopeshwa au aliyepata habari mbaya. Sababu zake ni nyingi: damu kumwagika, maji kupotea, moyo kudhoofika, vijidudu kuenea katika damu, au mwili kukataa dawa au sumu ya nyuki. Leo twashughulika zaidi na ule wa kupungukiwa na damu au maji.

Mwili ukiona upungufu umezidi, hufanya kama nahodha aliyepigwa na tufani, ambaye hutupa shehena baharini, kwanza ile ya thamani ndogo, kisha ya thamani kubwa, ili chombo na watu wake wasalimike. Kwanza hunyimwa ngozi: ikapauka, ikawa baridi, ikalowa jasho jembamba. Kisha hunyimwa utumbo na figo: mkojo ukapungua, ukawa mweusi mweusi, hata ukakoma. Damu iliyobaki yote hupelekwa kwenye moyo na ubongo, na moyo hupiga mbio ili kidogo kilichopo kizunguke mara nyingi. Ndipo ukishika mkono wa mgonjwa ukakuta mapigo yanakwenda upesi, tena ni membamba kama uzi. Na muda wote huo, wasikilizaji, kipimo cha presha chaweza kuonyesha namba nzuri kabisa! Hapa ndipo wengi hudanganyika, hasa kwa watoto na kwa kina mama vijana waliotoka kujifungua, ambao miili yao ina nguvu ya kuvumilia kitambo kirefu, kisha huporomoka kwa mara moja. Presha ikishuka, jueni kuwa shehena yote imekwisha tupwa.

Kwa hiyo muuguzi hangoji mashine. Mkono wake na jicho lake hutangulia. Aguse vidole vya miguu: vina joto au ni baridi? Abonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, kisha auachie: wekundu ukirudi kabla ya sekunde 2 kupita, vema, ukikawia zaidi ya sekunde 3, ana sababu ya kumwita tabibu. Abane ngozi ya tumbo ya mtoto kwa vidole viwili aiachie: je, yarudi mara moja, au yabaki imesimama kitambo? Atazame macho yamezama au la, utosi wa mtoto mchanga umebonyea au la, machozi yanatoka anapolia au hayatoki. Aulize mkojo wa mwisho ulikuwa lini. Mtu mzima wa kilo 60 anatazamiwa kutoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Haba kuliko hapo, figo zake zimekwisha nyimwa damu. Atazame pia akili: mgonjwa aliyekuwa akihangaika, akijigeuza na kuomba maji, kisha ghafla akatulia na kunyamaza, jamaa hushukuru wakadhani amepata nafuu. Muuguzi asishukuru bado. Amsemeshe, na asipojibu sawasawa, basi utulivu ule ni ubongo kukosa damu.

Akiwa katika hali hiyo, afanyiwe nini? Alazwe chali, miguu iinuliwe kidogo, afunikwe asipate baridi lakini asikandwe kwa moto, na kama damu inatoka, pakandamizwe. Kisha apelekwe hospitali kwa haraka, na hapa ndipo dripu ilipo na cheo chake, wala hakuna wa kuipinga. Mgonjwa wa kipindupindu aliyeingia katika mshtuko, mtu mzima wa kilo 50, huhitaji kiasi cha lita 5 kwa muda wa saa 3, na lita moja na nusu ya hizo iingie katika nusu saa ya mwanzo. Maji yanayofaa zaidi ni ya Ringer, ambayo yana sodiamu, yana potasiamu kidogo, na yana lakteti, kitu ambacho ini hukigeuza kuwa ile ile bikaboneti iliyopotea. Maji ya glukosi matupu hayafai kwa kazi hii, kwa sababu ambayo bila shaka mmekwisha itambua wenyewe. Na kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwendo huwa wa polepole zaidi, saa 6 badala ya 3.

Lakini sasa niseme lililonileta hasa hapa redioni. Watu wetu wameipenda dripu kupita kiasi, na kikombe wamekidharau. Mtu akihisi uchovu huenda akaomba aongezewe maji. Mama mwenye mtoto anayeharisha, akipewa paketi ya ORS, yaani chumvi na sukari za kuyeyusha katika maji ya kunywa, pamoja na maelekezo, hurudi nyumbani amenuna, akisema hakutibiwa, amepewa chumvi tu. Na baadhi ya wenye zahanati, kwa kupenda fedha au kwa kuchoka kueleza, humtundikia mgonjwa chupa ambayo hakuihitaji. Mimi naona kuwa hilo ni kosa letu sisi tulio katika kazi hii kuliko la wale wanaotuomba, kwani hatukuwaeleza kikombe kinafanyaje kazi.

Chafanyaje? Kwa muda mrefu hata matabibu waliamini kwamba utumbo unaoharisha haunyonyi kitu, na kwamba ukiutia maji utayarudisha yote. Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, mtaalamu wa Kimarekani Robert Crane alieleza kwamba katika utando wa utumbo sukari ya glukosi na sodiamu huingia pamoja, zimeshikana. Moja huvuta nyingine, na maji hufuata nyuma yao. Na sumu ya kipindupindu, ambayo huharibu mambo mengi, njia hiyo haiigusi. Basi mgonjwa akinywa chumvi peke yake haimfai sana, akinywa sukari peke yake haimfai, lakini akinywa zote mbili kwa kipimo, utumbo unaomwaga maji kwa upande mmoja huyanyonya kwa upande mwingine. Mwaka 1968 matabibu David Nalin na Richard Cash, wakifanya kazi Dhaka, walithibitisha kwamba wagonjwa wa kipindupindu waliokunywa maji ya namna hiyo walihitaji dripu chache mno kuliko wenzao.

Kisha ikaja mitihani ya kweli. Mwaka 1971, katika vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi kwa mamilioni walivuka mpaka wakaingia India, na katika mji wa Bangaon kipindupindu kikawavamia. Hospitali ilijaa hata watu wakalazwa sakafuni, na chupa za dripu zikakaribia kwisha. Tabibu Dilip Mahalanabis akaamua jambo ambalo wakubwa wengi wa fani yake wangelikataa: aliagiza glukosi, chumvi ya mezani na bikaboneti vipimwe, vifungwe katika mifuko, vikorogwe katika mapipa yenye mabomba, na ndugu za wagonjwa wenyewe, mama na shangazi na kaka, wapewe vikombe wawanyweshe watu wao. Vifo ambavyo mwanzo vilikuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka hata chini ya 4. Si kwa mashine, wala kwa dawa ya ghali. Na kwa mtazamo wangu, si kwa sukari na chumvi peke yake pia. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wa kukaa kando yake mwenye kikombe mkononi, jambo ambalo yule bibi wa Leith hakulipata.

Mwaka 1978 jarida la matabibu liitwalo The Lancet liliandika kwamba kugunduliwa kwa siri hii ya sukari na chumvi huenda kukawa maendeleo makubwa kupita yote ya utabibu katika karne ile. Na tangu mwaka 1980, shirika la BRAC huko Bangladesh liliwatuma wanawake nyumba kwa nyumba, wakawafundisha kina mama kukoroga maji hayo kwa chumvi na sukari guru, kwa muda wa miaka 10, wakafikia nyumba zaidi ya milioni 12.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao ulifunuliwa hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Matabibu wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza walifanya utafiti juu ya watoto zaidi ya 3,000 waliokuwa mahututi kwa homa, wengi wao kwa malaria, wenye dalili za damu kutozunguka vizuri, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Watoto wenye kuharisha hawakutiwa katika hesabu hiyo. Kila mtu alitazamia kwamba waliomiminiwa maji kwa haraka katika mshipa wangepona zaidi. Ikawa kinyume: katika kila watoto 100 waliomiminiwa walifariki kati ya 10 na 11, na katika kila 100 waliopewa maji kwa mwendo wa kawaida tu walifariki kama 7. Tafsiri yake ni nini? Mtoto aliyeharisha amepoteza maji, basi arudishiwe. Mtoto wa homa kali aghalabu hakuyapoteza kwa kadiri ile, na kumjaza ni kumzidishia moyo na mapafu mzigo. Vivyo hivyo kwa mzee mwenye moyo dhaifu, na kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali. Mgonjwa arejeshewe kilichotoka. Kisichotoka, hatuna haki ya kukirudisha.

Sasa mambo ya nyumbani, na tafadhali mwenye kalamu aishike. Paketi moja ya ORS kubwa huyeyushwa katika lita moja kamili ya maji safi, si nusu lita ili iwe kali, wala si lita mbili ili idumu. Ikikosekana paketi, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa visifure, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa pia. Narudia: sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko, maji lita moja. Onjeni kabla ya kumpa mgonjwa. Yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, mwageni mkoroge mengine, maana chumvi nyingi humletea mtoto degedege. Na sukari ikizidi huvuta maji yatoke mwilini kuingia utumboni, akaharisha zaidi, ndiyo sababu soda za dukani hazifai.

Na dafu je? Najua swali hilo litakuja, maana hakuna nyumba ya pwani isiyolitumaini. Maji ya dafu ni safi, yana sukari kiasi, na potasiamu yake ni nyingi, ambayo mwenye kuharisha huihitaji. Lakini sodiamu yake ni haba. Linafaa kuwa msaidizi pamoja na uji mwepesi uliotiwa chumvi, wala halishiki mahali pa ORS. Mwenye maradhi ya figo akae nalo mbali kabisa, kwa sababu ya ile potasiamu tuliyoitaja.

Mtoto hanyweshwi kwa kumiminiwa. Ni kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwanze tena taratibu zaidi, wala msikate tamaa, kwa kuwa hata anayetapika hubakiwa na sehemu kubwa ya alichokunywa. Kila baada ya choo, mtoto wa chini ya miaka 2 apate robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, na mwenye zaidi ya umri huo, nusu kikombe hadi kikombe kizima. Anyonye kama kawaida, ale kama kawaida. Apewe na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa kadiri mtakavyoelekezwa kituoni, hata kama kuharisha kumekoma.

Nanyi wauguzi, karatasi ya maji yanayoingia na yanayotoka isiwe pambo la ukutani. Katika kambi za kipindupindu mgonjwa hulazwa kitanda chenye tundu katikati, na chini yake ndoo iliyotiwa alama za lita. Na anayesoma ndoo ile kila baada ya kitambo, akaandika, akalinganisha na alichompa, ndiye anayejua kama mgonjwa wake anapanda au anashuka, kabla hata tabibu hajafika. Mtu akiwa amelegea asiweze kunywa, au choo kina damu, au pumzi ni ile ya kina niliyoieleza, au vidole ni baridi, kikombe kimefika mwisho wake. Mkimbizeni hospitali, na njiani, maadamu aweza kumeza, endeleeni kumpa.

Neno la mwisho kwa walio nyumbani: maji yaliyokorogwa leo hufunikwa, na yakibaki hata kesho saa kama hizi humwagwa yakakorogwa mengine. Juma lijalo, Mungu akitujalia uhai, tutazungumza juu ya aliyeungua kwa moto, ambaye naye hupoteza maji mengi, ila kwa njia ya ngozi.